Je, Yaliyopita si Ndwele?

Methali ni kama kisu cha jikoni. Faida au hasara yake hutegemea mkono ulioishika. Katika methali zetu zote, sijui kama iko inayotamkwa baada ya ugomvi kuliko hii isemayo kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wazee huitumia kuwapatanisha ndugu waliogombania mpaka wa shamba. Majirani huitumia wakipeana mikono. Wakubwa nao huitumia majukwaani. Ndwele ni ugonjwa, na kuganga ni kutibu. Maana yake, basi, ni kwamba jambo lililokwisha kupita haliumizi tena, na dawa tuliyo nayo tuiweke kwa ajili ya kesho. Ni maneno ya hekima, na mimi nimeyafundisha darasani kwa miaka kadhaa. Lakini yuko mwandishi mmoja wa Ujerumani ambaye vitabu vyake vimenilazimisha kujiuliza maswali mawili juu ya methali hiyo. La kwanza: je, ni kweli siku zote kwamba yaliyopita si ndwele? La pili: ni nani mwenye haki ya kuitamka?

Mwandishi huyo ni Heinrich Böll. Alizaliwa tarehe 21 Desemba 1917 katika Köln, mji mkubwa ulio kando ya mto Rhein. Baba yake alikuwa seremala na mchonga mbao, na jamaa yake walikuwa Wakatoliki wasiompenda Hitler. Hitler alipotwaa serikali mwaka 1933, Böll alikuwa mvulana wa miaka 15, umri wa wengi wenu mnaosoma maneno haya. Vijana wenzake waliingia makundi kwa makundi katika chama cha vijana wa Hitler, wakavaa sare na kuimba nyimbo, yeye alikataa. Alipomaliza shule alijifunza kazi katika duka la vitabu mjini Bonn. Mwaka 1939 aliingia Chuo Kikuu cha Köln, lakini kabla hajapata kukaa sana kitini aliitwa jeshini. Kwa miaka sita alivaa mavazi ya serikali aliyoichukia. Alipelekwa Ufaransa, Urusi, Rumania na Hungaria; alijeruhiwa zaidi ya mara moja; na mwezi wa Aprili 1945 alitekwa na Wamarekani.

Aliporudi kwao hakuukuta mji aliouacha. Usiku mmoja tu wa mwezi wa Mei 1942, ndege zaidi ya 1,000 za Uingereza ziliushambulia mji wa Köln kwa mabomu, na mashambulio mengine mengi yakafuata. Vita vilipokwisha, kitovu cha mji kilikuwa vifusi, na katikati ya vifusi hivyo lilisimama kanisa kuu lenye minara miwili, limeumia lakini halikuanguka.

Hapo ndipo Wajerumani walipokuwa na kazi mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa ya kuondoa mawe na matofali, na ilihitaji sepetu, toroli na mikono. Kazi ya pili ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu haikuonekana kwa macho. Serikali yao ilikuwa imewaua Wayahudi wapatao milioni 6, pamoja na watu wengine wengi wa mataifa mbalimbali. Mauaji hayo hayakufanywa na mtu mmoja. Yalihitaji makarani wa kuandika majina, madereva wa kuendesha magari-moshi, polisi wa kubisha milango usiku, na majirani wa kufunga madirisha wasione. Vifusi vya namna hiyo huondolewa kwa chombo gani?

Kazi ya kwanza ilikwenda mbio sana. Katika miaka ya 1950 Ujerumani ya Magharibi ilistawi kwa namna iliyowastaajabisha watu wote. Viwanda viliamka, maduka yakajaa, nyumba mpya zikapanda. Kazi ya pili iliwekwa kando. Watu wengi walisema, kwa lugha yao, maneno yaliyo sawa na methali yetu. Si hayo tu. Baadhi ya mahakimu, waalimu na makarani waliomtumikia Hitler walirudi katika viti vyao wakavaa suti safi. Böll na wenzake walioandika habari za askari waliorudi na nyumba zilizobomoka walilaumiwa kuwa ni waandishi wa vifusi. Mwaka 1952 aliandika insha ya kulipokea jina hilo bila haya. Hoja yake ilikuwa kwamba mwandishi kazi yake ni kuona, na macho mazuri hayawezi kupita katika vifusi yakajifanya yanaona bustani.

Mwaka 1959 alitoa riwaya ambayo kwangu mimi ndiyo jibu lake kamili. Kwa Kijerumani huitwa Billard um halb zehn, yaani Biliadi Saa Tatu na Nusu. Niliisoma katika tafsiri ya Kiingereza, polepole, maana si kitabu chepesi. Wasemaji hubadilika na kumbukumbu huingiliana. Kisa chake hutukia katika siku moja, tarehe 6 Septemba 1958, siku ambayo mzee Heinrich Fähmel anatimiza miaka 80.

Mzee huyo ni msanifu wa majengo. Katika ujana wake, kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, alishinda shindano akaijenga Abasia ya Mtakatifu Antoni. Abasia ni makao makuu ya watawa, yenye kanisa, mashamba na karakana, kama ile ya Peramiho kusini mwa Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1898 na Wabenedikto kutoka Ujerumani. Jengo hilo lilimpa mzee heshima na mali.

Mwanawe, Robert, ni mtaalamu wa hesabu za uzito wa majengo. Anajua ukuta husimama kwa nguvu gani, na kwa hiyo anajua pia utaanguka kwa baruti kiasi gani. Vitani aliwekwa chini ya jenerali mwenye wazimu, aliyetaka kila kilichosimama mbele ya bunduki zake kiondolewe. Siku tatu tu kabla ya vita kumalizika, Robert aliilipua abasia ya baba yake. Kwa jenerali ilikuwa amri ya kijeshi. Kwa Robert ilikuwa jambo jingine. Mke wake, Edith, alikuwa ameuawa na bomu. Kijana aliyekuwa rafiki yake alikuwa ameuawa na serikali. Watu wapole walikuwa wamepigwa, wamefukuzwa na kuangamizwa, na hapana aliyewajengea hata kaburi la mawe matatu. Watawa wenyewe walikuwa wameshiriki katika nyimbo na sherehe za watesaji. Basi Robert akafanya kifusi kiwe ndilo kaburi la wasio na kaburi. Kisha akanyamaza kwa miaka 13, na kila asubuhi saa tatu na nusu akawa anakwenda kucheza biliadi hotelini.

Mjukuu, Joseph, naye ni msanifu. Kazi aliyopewa ni kuijenga upya abasia hiyohiyo. Siku moja, katika kuta zilizosalia, anaona alama za chaki. Anautambua mwandiko: ni wa baba yake. Ni alama za mahali palipotegwa baruti. Babu alijenga, baba akabomoa, na mtoto anajenga tena bila kuambiwa lolote. Ukuta ndio uliomweleza yale ambayo vinywa vya wakubwa wake vilimficha.

Katika kitabu hicho yamo mambo mawili mengine ambayo siwezi kuyasahau. La kwanza ni la bibi, Johanna, mke wa mzee Fähmel. Wakati wa vita alikwenda mahali ambapo Wayahudi walikuwa wakipakiwa katika mabehewa, akataka kupanda pamoja nao. Jamaa yake wakampeleka katika nyumba ya wagonjwa wa akili ili wamwokoe na mkono wa serikali. Hebu tazameni: nchi nzima ilikuwa imerukwa na akili, na aliyefungiwa kama mwenda wazimu ni mwanamke mmoja aliyeona kwamba jirani hawezi kupelekwa peke yake.

La pili ni la Nettlinger na Schrella. Walipokuwa wanafunzi, Nettlinger alikuwa mmoja wa waliomtesa Schrella mpaka akaikimbia nchi. Miaka zaidi ya 20 inapita. Schrella anarudi kwao. Anakamatwa mpakani kwa sababu jina lake bado limo katika orodha ya zamani ya wanaotafutwa. Anayemtoa kifungoni ni nani? Ni Nettlinger, ambaye sasa ni mkubwa serikalini na mpenda demokrasia mashuhuri. Anampeleka Schrella katika hoteli ya fahari na kumwagizia chakula kizuri. Anatabasamu. Anataka mambo yaishe. Hamwulizi mwenzake habari za majeraha yake, wala haombi radhi kwa uzito wake. Yeye ameshajisamehe, na sasa anamwalika aliyemwumiza aje kushangilia msamaha huo kwa kuku wa kuokwa.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini nikatafakari kwa muda mrefu, kwa kuwa jibu la swali langu la pili lilikuwa mezani pale, baina ya watu wawili na sahani mbili. Methali yetu ni nzuri kinywani mwa aliyeumizwa. Akiitamka yeye, ni ukarimu usio na kifani. Lakini ikitamkwa kwanza na aliyeumiza, huwa ni dhuluma ya pili, maana humnyang'anya mwenzake hata haki ya kulia.

Na swali la kwanza? Hilo nilijibiwa zamani na baba yangu mdogo, ingawa yeye hakupata kusikia jina la Böll. Alikuwa mwashi. Likizoni nilimchanganyia saruji na kumshikia timazi. Siku moja tuliitwa kuziba ufa katika nyumba ya mtu, na mwenye nyumba akasema tupake plasta tu, kwa kuwa wageni walikuwa wanakuja siku ya pili. Baba mdogo alichukua patasi na nyundo, akaanza kuupanua ufa badala ya kuuziba. Mwenye nyumba alipiga kelele. Baba mdogo akamjibu kwa upole, "Bwana, ufa ulioutia plasta bila kuuchimbua haukupona, umevaa nguo." Sote twaijua methali ya kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta, lakini wachache hukumbuka kwamba fundi wa kweli huufungua ufa kwanza, akaona ulikoanzia, akautoa mchanga mbovu, ndipo akauziba. Hivyo ndivyo Böll alivyowatendea watu wa nchi yake. Walidhani anawabomolea ukuta. Kumbe alikuwa anatafuta ufa umeanzia wapi.

Mtaniuliza mambo haya ya Wajerumani yananihusu nini mimi, mwalimu wa chuo cha kufundishia waalimu katika Kenya. Nitajibu kwa kisa kimoja kifupi. Mwaka 2008 nilikuwa katika kidato cha pili. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi yetu iliingia katika ghasia zilizoua watu zaidi ya 1,100 na kuwahamisha mamia ya maelfu. Shule ilipofunguliwa, mwenzangu wa dawati moja hakuwapo. Mwalimu aliita majina kwa kufuata daftari, na alipofika penye jina lake aliliruka, akaendelea na jina lililofuata. Hakusema kitu. Nasi hatukuuliza. Simlaumu, labda sauti yake ingemshinda. Lakini tangu siku hiyo najua kimya cha chumba chenye watoto 40 kina uzito gani. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa wakati huo. Ninyi ndio akina Joseph wetu. Mwapita mbele ya maduka yaliyojengwa upya, na yamkini katika kuta hizo zimo alama ambazo hapana aliyewasomea.

Mwanachuo mmoja wangu alinipinga juu ya jambo hili, na upinzani wake ulikuwa wa maana. Alisema, "Mwalimu, kukumbusha si kuchochea moto? Kaa likifukuliwa huwaka." Nilimwambia, "Ndugu yangu, neno lako ni kweli kwa mtu anayefukua ili apulize. Lakini yuko na anayefukua ili amwage maji." Tofauti ya watu hawa wawili si katika kukumbuka, bali ni katika nia na namna ya kukumbuka. Anayepuliza husema "wao walitutenda," akahesabu makosa ya upande mmoja, kisha akatafuta wa kulipiza. Anayemwaga maji huanza na makosa ya nyumba yake mwenyewe. Böll hakuanza na makosa ya Warusi wala ya Waingereza, ingawa mabomu ya Waingereza yaliubomoa mji wake. Aliandika makosa ya Wajerumani, naye ni Mjerumani. Akaandika makosa ya Wakatoliki, naye ni Mkatoliki. Hapo ndipo penye ushujaa wake, na ndipo penye haki yake ya kusikilizwa.

Wala msidhani kwamba ninamsifu Robert kwa kulipua nyumba ya sala. Hasira yake naifahamu, lakini kimya chake kilikuwa ni ugonjwa uleule wa nchi nzima. Hata mtu mwema aliweza kuuambukizwa. Wajenzi wa abasia mpya wanapomwalika katika sherehe na kuzungumza habari za upatanisho, anajibu kwa adabu, lakini moyoni hajapatanishwa, maana anaona kuta zimepatanishwa na watu bado. Dawa haianzi mpaka mambo yajulikane baina ya baba, mwana na mjukuu. Mzee Fähmel anapopata kujua nani aliyeiangamiza kazi ya ujana wake, hakasiriki. Amekwisha kupima jengo na watu waliopotea, akaona mizani haikaribiani. Jioni wanaketi pamoja, na keki ya sikukuu imetengenezwa kwa mfano wa abasia. Mzee anaikata, na kipande anampa Robert. Robert naye siku hiyo amemtwaa Hugo, kijana mtumishi wa hoteli asiye na jamaa, awe mwanawe. Hivyo upatanisho hauji kwa hotuba wala kwa minara. Waja kwa ukweli uliojulikana na kwa mtoto aliyepewa nyumba.

Böll alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1972, akafariki tarehe 16 Julai 1985. Kabla ya hapo aliona nchi yake ikianza kugeuka. Tarehe 7 Desemba 1970, Willy Brandt, aliyekuwa mkuu wa serikali ya Ujerumani ya Magharibi, alipiga magoti mjini Warsaw mbele ya ukumbusho wa Wayahudi waliouawa huko. Brandt mwenyewe alikuwa ameikimbia serikali ya Hitler. Hakuwa na damu mikononi. Alipiga magoti kwa niaba ya wale waliostahili kupiga magoti wasifanye hivyo.

Na habari hiyo haikuishia Ulaya. Nimeitaja Peramiho; iko jirani na Songea, mahali ambapo Wajerumani, katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, waliwanyonga viongozi wa Wangoni, akiwamo Songea Mbano. Mashamba yalichomwa, njaa ikaingia, na wanahistoria hukadiria waliokufa katika vita hivyo na njaa yake kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wazao wa Mbano, akaomba msamaha. Miaka zaidi ya 110 ilikuwa imepita. Lau yaliyopita hayangekuwa ndwele, wazao hao wangekuwa wamekwisha kusahau. Lakini walikuwa bado wanangoja, na hata kichwa cha mzee wao walikuwa bado wanakitafuta.

Basi sisemi methali yetu tuitupe. Nasema tuitamke kwa zamu yake. Aliyekosa na ataje kosa lake kwa jina. Aliyekosewa na asikilizwe mpaka amalize. Kilichoweza kurudishwa na kirudishwe. Hapo aliyekosewa, akitaka mwenyewe, atasema kwamba yaliyopita si ndwele, nasi sote tutaitikia kwa furaha. Ninyi vijana hamna hatia ya yale yaliyotendwa kabla hamjazaliwa, wala asiwatwike mtu hatia hiyo. Lakini mna urithi, na mrithi mwema huzijua mali na madeni. Waulizeni wazazi wenu kwa adabu, na mkijibiwa, sikilizeni mpaka mwisho. Someni vitabu vya watu wengine waliokwisha kuipita njia hii. Na mkiona alama katika ukuta, msiikimbilie plasta kabla hamjaisoma.